Shule ya sekondari ya umma ya mji mdogo: soma ratiba kabla ya kusoma matokeo

Mzazi anayeishi katika mji mdogo kwa kawaida hana shule nyingi za kuchagua. Sekondari ya umma ni moja, na anachoweza kuamua ni ama kumwandikisha mtoto wake hapo ama kumpeleka bweni mbali na nyumbani. Kabla ya kuamua huuliza maswali yale yale yanayoulizwa kuhusu shule kubwa: wastani wake ukoje, imeshika nafasi ya ngapi, wangapi wameendelea na masomo ya juu. Naandika tathmini hii nikiwa mzazi ambaye mtoto wake alianza na kumaliza sekondari katika shule ya aina hiyo, na sitaitaja kwa jina kwa kuwa sehemu ya ninayoyasema ni malalamiko ambayo walimu wake hawana nafasi ya kuyajibu hapa. Ninaipa alama tatu kati ya tano. Mbili zilizopotea hazikupotea katika matokeo ya mtihani, ingawa huko ndiko lawama zote zinakoelekezwa. Zilipotea katika ratiba, yaani katika suala la nani anafundisha nini, na ni somo gani halifundishwi kabisa.

Hata hivyo nianze na matokeo, kwa sababu ndiyo yanayopigiwa kelele. Mwaka mmoja shule ilipanda ghafla katika orodha ya ufaulu, mkuu wa shule akapongezwa hadharani na bango likatundikwa getini. Mwaka uliofuata ikashuka karibu kwa kiasi kile kile, bango likaondolewa kimyakimya, na wazazi waliokuwa wakishangilia wakaanza kusema kwamba walimu wamebweteka. Miaka yote miwili walimu walikuwa wale wale, wakifundisha kwa vitabu vile vile na kwa idadi ile ile ya vipindi. Kilichobadilika ni watahiniwa, na watahiniwa wenyewe walikuwa wachache.

Hesabu yake si ngumu. Chukua shule yenye watahiniwa 40 ambayo, kwa uwezo wake halisi, hufaulisha wanafunzi 60 katika kila 100. Mwanafunzi mmoja ambaye angefaulu akiugua siku ya mtihani, ufaulu wa shule nzima unashuka kwa pointi 2.5 za asilimia. Kwa kanuni za kawaida za takwimu, bahati peke yake inatosha kuusogeza ufaulu wa shule hiyo kwa takribani pointi 8 juu au chini ya kiwango chake, na karibu mwaka mmoja katika kila 20 kwa zaidi ya pointi 15, bila mwalimu yeyote kufundisha vizuri zaidi wala vibaya zaidi. Shule ya watahiniwa 400 yenye uwezo ule ule huyumba kwa pointi 2 na nusu tu. Wachumi Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha jambo hili mwaka 2002 kwa matokeo ya shule za jimbo la North Carolina nchini Marekani: shule ndogo zilionekana kwa wingi kileleni mwa orodha, na zikaonekana kwa wingi vilevile mkiani, kwa sababu alama zao hupanda na kushuka kuliko za shule kubwa. Wapenzi wa shule ndogo nao wasijipongeze mapema, kwani mwaka 2009 Bill Gates, ambaye wakfu wake ulikuwa umetumia fedha nyingi kuanzisha sekondari ndogo, aliandika katika barua yake ya mwaka kwamba nyingi kati ya shule hizo hazikuinua ufaulu kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kuijua shule ndogo aombe matokeo ya miaka mitano yaliyojumlishwa pamoja, ili awe na watahiniwa 200 mbele yake badala ya 40. Niliyaomba; nikapewa ya mwaka uliotangulia tu, yakiwa yamechapishwa kwa rangi na kuwekewa fremu. Nilipoyakusanya mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za miaka ya nyuma, picha iliyojitokeza ilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia: shule ya wastani, iliyo chini kidogo ya wastani katika hisabati na fizikia na juu kidogo katika lugha na historia, ikienda hivyo mwaka baada ya mwaka nyuma ya pazia la kupanda na kushuka.

Kuna namba nyingine ambayo ni muhimu kuliko wastani, nayo haitundikwi popote. Ni wanafunzi wangapi walianza kidato cha kwanza, na wangapi kati yao walikaa mtihani wa mwisho? Ipo njia rahisi sana ya kupandisha wastani, ambayo ni kuhakikisha kwamba wanafunzi dhaifu hawafiki chumba cha mtihani: wanakaririshwa darasa, wanashauriwa kuhama, au wanaachwa tu wapotee. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja kinavyotegemewa zaidi katika maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kuchafuliwa na kuichafua kazi ambayo kilikusudiwa kuipima, na alitaja mitihani ya shule miongoni mwa mifano yake. Katika hili shule ninayoitathmini inastahili heshima. Wanafunzi ambao kila mtu alijua kwamba wangeushusha wastani waliandikishwa kwa mtihani kama wenzao, na mwalimu wa taaluma aliwapangia vipindi vya ziada baada ya masomo badala ya kuwatafutia barua ya uhamisho. Sehemu ya kushuka kulikolalamikiwa na wazazi ilitokana na uamuzi huo, na mimi kwa upande wangu naona ulikuwa uamuzi sahihi.

Sasa nije kwenye ratiba, ambako ndiko kwenye kiini cha tathmini hii. Karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi ya walimu ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya kwa penseli mara nyingi kiasi cha kuwa na matundu, na aliyeisoma kwa makini angeona herufi za jina la mwalimu mmoja zikijirudia kwenye fizikia ya vidato vyote, kwenye hisabati ya kidato cha pili, na kwenye michezo. Mwalimu huyo alisomea fizikia. Hisabati alipewa kwa sababu aliyekuwa akiifundisha alihama katikati ya muhula, na michezo alipewa kwa sababu ni kijana. Mwanasosholojia Richard Ingersoll, ambaye tangu miaka ya 1990 amechunguza walimu wanaofundisha masomo wasiyoyasomea, amesisitiza kwamba tatizo hili mara nyingi halitokani na upungufu wa elimu ya walimu wenyewe. Wana sifa zote, ila shule inawapanga nje ya fani zao ili kuziba mapengo. Katika shule kubwa, mwalimu mmoja akiondoka wengine watatu wa somo lile lile hugawana vipindi vyake. Katika shule ndogo mwalimu mmoja ndiye idara nzima, na akiondoka ameondoka na somo.

Hilo lilitokea kwa kemia. Kwa sehemu kubwa ya mwaka wa mtihani hapakuwa na mwalimu wa kemia, na vipindi vyake vilisimamiwa na mwalimu wa biolojia ambaye alikiri wazi mbele ya wanafunzi kwamba sehemu ya kemia ya kaboni anaisoma usiku ule ule kabla ya kuifundisha. Sina neno baya juu ya mwalimu huyo. Alifanya zaidi ya alichoajiriwa kufanya. Lawama yangu iko kwa uongozi, ambao ulifahamu tangu likizo kwamba mwalimu wa kemia angeondoka, haukuwaarifu wazazi, na uliendelea kuonyesha jina lake kwenye ratiba kwa wiki kadhaa baada ya kiti chake kuwa kitupu. Mzazi angeambiwa mapema, angeweza kutafuta msaada wa masomo kwingine. Tulijua kwa kutazama daftari: tarehe zilikuwa zimekatika ghafla, na kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe.

Daftari hilo hilo lilinifundisha mengine kuhusu maabara. Shule inajivunia maabara yake, na mgeni akifika huonyeshwa meza zake ndefu, masinki na kabati la vioo. Zoezi la kupima ukolezi wa asidi kwa kuidondosha katika alkali hadi rangi ya kiashiria ibadilike linahitaji bureti moja, yaani bomba la kioo lenye koki na alama za ujazo, kwa wanafunzi wawili au watatu, ili kila mmoja azoee kuzuia koki kwa vidole na kusoma kiwango cha kimiminika jicho likiwa usawa wake. Bureti nzima zilikuwa chache mno. Mwalimu alifanya zoezi mbele ya darasa, akaandika jibu ubaoni, nao wakalinakili. Ndiyo maana madaftari yote niliyopata kuyaona yalikuwa na kipimo kimoja, sentimita za ujazo 24.60 katika jaribio la kwanza, 24.60 katika la pili na 24.60 katika la tatu, usahihi ambao hata mkemia mzoefu asingethubutu kuudai. Katika mtihani wa vitendo, ambapo kila mtahiniwa hupewa bureti yake, wengi walikuwa wakiishika kwa mara ya kwanza. Alama walizopoteza hapo hazihusiani na akili zao wala bidii yao, na vifaa vilivyokosekana ni vya bei ndogo ukilinganisha na gharama ya jengo vilimopaswa kuwamo.

Hasara kubwa zaidi, ambayo haionekani katika orodha yoyote ya ufaulu, ni masomo yasiyotolewa. Somo ambalo halifundishwi halina alama mbaya. Halina alama kabisa. Hisabati ya juu hutolewa tu pale wanafunzi wanaoitaka wanapofikia idadi fulani, na mwaka ambao haifikiwi, wachache waliojiandikisha huelekezwa kwingine. Hata masomo yanayotolewa hugongana. Kwa kuwa kila somo la mchepuo lina mkondo mmoja tu, fizikia ikipangwa wakati mmoja na jiografia, mwanafunzi anayeyataka yote mawili analazimika kuacha moja, na hakuna mkondo wa pili wa kumhamishia. Wanafunzi wa shule kubwa huchagua mchepuo kwa kupenda au kwa ushauri. Hapa wengi walichaguliwa na mtengeneza ratiba. Shule ilijaribu kuziba pengo la hisabati ya juu kwa masomo ya intaneti, jambo ambalo lingeweza kufaa kama kungekuwa na mtu mzima wa kukaa na wanafunzi, kuwasikiliza wanapokwama na kuwasimamia wamalize. Waliwekwa maktaba mbele ya kompyuta na kuachwa. Aliyemaliza ni yule ambaye angemaliza hata kwa kitabu.

Kuhusu ushauri wa masomo ya baadaye naweza kusema machache, kwa kuwa huduma yenyewe ilikuwa chache: mwalimu mmoja, mwenye vipindi vyake kamili vya kufundisha, anayetoa ushauri katika muda wake wa mapumziko. Athari yake huwaangukia hasa wanafunzi bora. Wachumi Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi wa wanafunzi wa Marekani wenye alama za juu kabisa kutoka familia za kipato cha chini hawaombi hata kidogo kuingia vyuo vyenye ushindani mkubwa, ingawa kwa sababu ya misaada ya ada vyuo hivyo mara nyingi vingewagharimu kidogo kuliko vile wanavyoviomba. Wasioomba walitoka zaidi katika maeneo madogo, ambako ni nadra kukutana na mwalimu au mwanafunzi aliyewahi kupita huko. Nililiona jambo hilo kwa mwanafunzi aliyeongoza darasa la mtoto wangu, ambaye aliomba chuo kilichokuwa karibu kwa sababu ndicho pekee ambacho fomu zake zilikuwa ofisini.

Baada ya malalamiko yote hayo huenda msomaji akashangaa alama tatu zimetoka wapi. Zimetoka kwa watu. Kidato cha kwanza kilipoanza, mwalimu wa darasa aliyajua majina ya wanafunzi wote kabla ya wiki ya pili kwisha, na mtoto asipoonekana asubuhi, simu ilipigwa nyumbani kabla ya mapumziko ya kwanza. Hili ni jambo la kitaaluma kabisa, wala si la ukarimu tu. Nchini Marekani mwanafunzi anayekosa asilimia 10 ya siku za masomo, awe na ruhusa au hana, huhesabiwa kuwa yumo hatarini, na katika mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, ambazo zikisambaa hazimshtui mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliripoti mwaka 2005 kwamba wanafunzi waliomaliza mwaka wa kwanza wa sekondari wakiwa hawajarudi nyuma katika masomo walikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa wakati zaidi ya mara tatu na nusu kuliko waliokuwa wamerudi nyuma. Shule inayomwona mtoto anapoanza kuteleza katika mwaka huo wa kwanza inafanya kazi kubwa kuliko inayompa masomo ya dharura miezi michache kabla ya mtihani, na hapo shule ndogo, ikiamua, haina mpinzani.

Mwalimu wa historia anahitaji aya yake. Kila kipindi alikianza vitabu vikiwa vimefungwa, kwa maswali matano ya mdomo: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita na moja la muhula uliopita. Hakutoa alama wala hakumkaripia aliyekosa. Alimpa mwingine nafasi, kisha akarudi kwa yule wa kwanza kusikia jibu kutoka kinywani mwake. Njia hii ina ushahidi nyuma yake. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo waliokisoma kifungu mara kwa mara walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kujaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele kwa mbali. Mwalimu huyu hakuhitaji kifaa chochote, na matokeo ya somo lake katika ile miaka mitano niliyoijumlisha yalikuwa bora kuliko ya masomo mengine yote. Sielewi kwa nini hajaombwa kuwaonyesha wenzake anavyofanya.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba shule ndogo huwahitaji wanafunzi wake. Wanasaikolojia Roger Barker na Paul Gump waliochunguza sekondari za jimbo la Kansas nchini Marekani walieleza mwaka 1964 kwamba shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi, ila wanafunzi wa shule ndogo ndio walioshika nafasi za wajibu mara nyingi zaidi, hata wale ambao masomo yaliwalemea. Hapa mdahalo, gazeti la ukutani na klabu ya sayansi visingeenda bila karibu kila mtu kushika jambo. Mtoto wangu, ambaye kwa tabia ni mtu wa kujificha nyuma, aliongoza mdahalo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuongoza, na kuandika kwake hoja kulibadilika tangu hapo.

Wazazi wengine hutaja udogo wa madarasa kama sababu ya kuichagua shule ya namna hii. Wahesabu kwanza. Shule ndogo si lazima iwe na darasa dogo, kwani mkondo mmoja unaweza kujaa kuliko mikondo minne ya shule kubwa, na ushahidi unaotajwa mara nyingi, ule wa jaribio la jimbo la Tennessee nchini Marekani la mwaka 1985 hadi 1989 lililolinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na yale ya watoto 22 hadi 25, ulihusu watoto wadogo wa miaka ya mwanzo ya shule na si vijana wa sekondari. Hapa hisabati ya kidato cha pili ilikuwa na wanafunzi wamebanana hadi dirishani, huku lugha ya kigeni ikiwa na wanafunzi wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Usafi, usalama na nidhamu ni vya kuridhisha. Mikutano ya wazazi huanza kwa kuchelewa na kuishia kwenye michango. Ripoti za muhula zinakuja kwa wakati, ila maoni ya walimu ndani yake ni ya aina moja, "aongeze bidii", hata kwa mtoto aliyepata alama za juu kuliko wote.

Ninaipendekeza shule ya aina hii kwa mtoto anayehitaji kuonwa na kufuatiliwa, kwa anayeelekea masomo ya sanaa na lugha, na kwa mzazi aliye tayari kuuliza maswali yasiyopendwa. Anayelenga uhandisi au udaktari anaweza kufika kupitia hapa, na wapo waliofika, lakini mzazi wake asiridhike na fremu iliyo ukutani. Aombe ratiba ya muhula unaokuja, aulize kila jina la somo la sayansi lina mwalimu gani na kama mwalimu huyo ataendelea kuwepo mwaka mzima, aombe kuzihesabu bureti nzima zilizomo kabatini, na jibu la kemia likiwa "tunashughulikia", atafute mwalimu wa pembeni kabla muhula haujaanza.